Sauti ya Meneja

Watu wakisikia unatengeneza katuni wanadhani unacheza. Hata fundi bomba aliyekuja kuziba sinki letu aliniuliza kama kazi yangu ndiyo hiyo tu au kuna nyingine ya kweli. Nikamwambia ya kweli ipo: mchana nachapa kadi za mialiko na vitambulisho kwenye duka la stesheni, jioni namchora jogoo. Akacheka. Na acheke. Dakika sita za jogoo huyo zinakula wiki tatu za maisha yangu, mgongo unapinda, macho yanakuwa mekundu, na mwisho wa yote mtu anazitazama akiwa chooni halafu anaandika, "Fupi sana."

Jogoo mwenyewe anaitwa Meneja. Anaishi kwenye kibaraza cha juu kabisa cha jengo la ghorofa nne, na anaamini jengo zima ni lake, wapangaji ni wake, na jua lenyewe linasubiri ruhusa yake. Kila asubuhi anatoka na tai shingoni, anawagombeza wapangaji mmoja mmoja, halafu anamalizia na maneno yake yale: "Bila mimi hakuchi!" Basi, hicho ndicho kipindi. Najua nimekieleza vibaya, ukikieleza hakichekeshi. Kilichekesha kwa sababu ya sauti, na sauti ilikuwa ya shemeji yangu.

Shemeji ni mume wa dada yangu, na kazi yake ni kinyozi. Ukikaa kwenye kiti chake unaingia na nywele na hasira, unatoka huna hata kimoja. Siku Meneja alipozaliwa nilikuwa nimekaa hapo, nusu ya kichwa imeshanyolewa, naye ananisimulia jinsi mwenye nyumba alivyokuja kukagua duka asubuhi ile. Akamwigiza: sauti nyembamba inayopanda juu, inakatika, inarudi chini na kukohoa kwa madaha. Wateja wote hoi. Nikamwambia azime mashine, arudie. Akarudia. Nikanyanyuka na kitambaa shingoni nikakimbilia nyumbani kuchora mdomo wa jogoo kabla sijausahau, na mtaani watu wakanitazama nusu kipara nusu nywele wakajua kijana wa watu ndiyo basi tena.

Hiyo ni miaka saba iliyopita. Tangu siku hiyo kila Jumatatu, siku ambayo vinyozi hupumzika, tulirekodi nyumbani kwao mchana. Studio yetu ilikuwa kabati la nguo la Dada. Shemeji anaingia, anakaa kwenye ndoo iliyopinduliwa katikati ya magauni, namfunika blanketi mbili, namkabidhi kipaza sauti chenye waya wa kompyuta yangu, nafunga mlango. Humo ndani joto la tanuri. Anatoka kalowa chapachapa kama aliyeoga na nguo.

Na nje, kimya. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria yangu, nami nikiwa kazini nina gubu, sikatai. Friji inachomolewa. Bomba linafungwa mpaka mwisho. Dada anafundisha watoto wadogo shuleni, Jumatatu anarudi mapema na mzigo wa madaftari ya kusahihisha, basi nilimkataza kutumia kalamu ya wino kwa kuwa inakwaruza karatasi, nikampa penseli laini. Akitaka kukohoa, atoke nje. Dada yangu ni mtu wa kujibu, tangu utotoni hajawahi kunyamazishwa na mtu, lakini Jumatatu alikaa kitandani kama mgeni, miguu kaikunja, anasahihisha bila kupumua, kwenye nyumba yake mwenyewe.

Kisha narudi kwangu kusafisha. Hapa naomba unielewe vizuri, maana kila kitu kimelalia hapa. Sauti ukiifungua kwenye kompyuta unaiona kwa macho, imelala kama mgongo wa mnyama, inapanda na kushuka. Mimi naiosha. Kikohozi nje. Kumeza mate nje. Shemeji akinitania kabla ya mstari, akimwita Dada, akicheka akikosea, vyote nje, na nikishamaliza nafuta ile rekodi ya asili kwa sababu kompyuta yangu ni kuukuu na haina nafasi. Nabaki na Meneja peke yake, msafi kabisa. Ndipo nakaa kumchorea mdomo. Ninayo midomo tisa: wa *a*, wa *o*, wa kufumba, wa kung'ata, na mingine, nami naibandika mmoja mmoja juu ya sauti mpaka jogoo aseme. Kwa hiyo hakuna binadamu aliyelisikiliza koo la shemeji yangu kama mimi. Mkewe hakulijua hivyo. Mimi nilikuwa nalisikia kwa visikilizio, herufi kwa herufi.

Mwaka juzi, kwenye kipindi cha sitini na kitu, nikaanza kuona manyoya. Ndivyo nilivyoyaita. Ule mgongo wa sauti uliokuwa laini ukaota manyoya pembeni, na ukisikiliza unasikia mkwaruzo, kama mtu anaburuta kiti chumba cha pili. Nikadhani ni waya. Nikanunua waya mpya. Manyoya yapo palepale. Nikadhani ni poda ya kinyozini na vumbi la nywele, naye mwenyewe alisema hivyohivyo. Basi nikafanya ninachokijua. Kuna namna ya kuifundisha kompyuta: unachagua sekunde mbili za kelele usiyoitaka, unaionyesha, nayo inaitafuta kote na kuiondoa. Nikaichagulia mkwaruzo wa shemeji yangu. Na pale ulipokataa kutoka, nilichukua *a* nzuri ya vipindi vya zamani nikaibandika mahali pa *a* mbovu. Kazi safi, hata mimi nilijipiga bega. Mtu aliandika kwamba sauti ya Meneja inazidi kuwa nzuri kila kipindi.

Miezi ikapita. Kule nyumbani Dada akaanza kumwandama mumewe. Sauti yako imekauka, nenda ukapimwe. Hii wiki ya nne. Hii ya tisa. Na Shemeji, mungu wangu, unajua alimjibu vipi? Alitoa simu, akafungua kipindi kipya, akampa asikilize. Mbona hapa naongea safi? Poda hiyo, Bibie, nikikaa kabatini mbali na poda koo linafunguka lenyewe. Dada akasikiliza, na masikio yake hayamdanganyi: Meneja alikuwa anaongea kama kengele. Akaacha kumwandama. Alinisimulia hayo mwenyewe, baadaye, akijilaumu kwamba hakukazana. Nilikuwa nimeshika kikombe cha chai, nikakiweka chini taratibu.

Shemeji alipoanza kutema damu ndipo alipokwenda hospitali. Daktari alikuwa mwanamke mpole mwenye kalamu tatu mfukoni. Alituchorea koo kwenye karatasi, akaweka nukta mahali sauti inapotokea, kisha akaizungushia nukta ile duara kubwa kuliko nukta. Saratani. Alisema angekuja miezi minane nyuma wangeichoma kwa mionzi na sauti ingebaki. Sasa ni kukata kisanduku chote cha sauti, na kutoboa tundu shingoni la kupumulia. Shemeji akauliza, kwa ule mkwaruzo wake, ataongeaje. Daktari hakumzungusha. Alimwambia kuongea kama alivyozoea, hapana. Upasuaji ni Alhamisi.

Hiyo ilikuwa Jumatatu. Na sasa nisikilize upumbavu wetu, maana ni watu wa kazi yetu peke yao wanaoweza kuufanya. Tulitoka pale hospitali, tukapanda ngazi za kwao, na mlangoni Shemeji akasema msimu umebaki vipindi vitatu, na watu wanangoja. Tumalize. Ningeweza kumwambia hapana. Ningeweza kusema, shemeji, kaa na mke wako, muongee mpaka sauti iishe yenyewe. Nilikwenda kuchomoa friji.

Siku mbili na nusu alikaa kabatini. Sauti iliyobaki ilikuwa kidogo, anasema mstari mmoja anapumzika, anakunywa maji vuguvugu, anasema mwingine. Na Dada alikuwa kitandani. Hakuwa na madaftari safari hii, ameomba ruhusa shuleni ili awe na mumewe. Alikaa pale na mikono mapajani, anautazama mlango wa kabati, na nyuma ya mlango mumewe anamalizia sauti yake yote kuwagombeza wapangaji wasiokuwepo duniani. Mara moja alifungua mdomo amwite. Nikaweka kidole midomoni. Mimi! Akaufunga. Jumatano jioni Shemeji alipotoka alijaribu kumwambia kitu, ikatoka hewa tu, akapiga paji la uso akacheka bila sauti, naye Dada akamfuta jasho. Walilala hivyo, na kesho yake alfajiri tukampeleka.

Upasuaji ulikwenda vizuri, walisema. Sijui maana ya neno hilo tena. Alirudi na tundu hapa shingoni na kitambaa cheupe juu yake. Kinyozini hawezi kurudi, kwa kuwa vipande vya nywele vikiruka vitaingia tunduni moja kwa moja mpaka kwenye mapafu. Kwa hiyo kazi ikaenda pamoja na sauti. Mtu aliyekuwa haishiwi maneno akawa anakaa dirishani na ubao mdogo wa darasani, ule wa kujifunzia herufi, Dada alimletea. Anaandika "Maji." Anaandika "Asante." Mwanzoni aliandika na vichekesho, lakini mpaka amalize kuandika mahali pa kucheka pameshapita, akaacha.

Vipindi vitatu nikavitoa. Vilipendwa kuliko vyote. Nilivichora huku nalia, na watu walivunjika mbavu.

Halafu mama mmoja wa hospitali anayewafundisha kuongea upya wasio na sauti akatuambia kuna programu: unaipa rekodi za mtu, inajifunza, kisha unaandika maneno nayo inayasema kwa sauti yake. Mnazo rekodi? Dada aligeuka kunitazama, na kwa mara ya kwanza baada ya miezi uso wake ukafunguka. Ooh, tunazo. Mdogo wangu ana za miaka saba. Nikaitikia. Nilijua, na bado niliitikia.

Tukaipa programu miaka saba. Tukakaa sebuleni sote watatu, Shemeji mwenyewe akaandika maneno ya kwanza, taratibu, na vidole vyake vya kinyozi. Aliandika: *Bibie, nimechoka kunyamaza.* Akabonyeza. Meneja akajibu. Sauti ile nyembamba, inapanda, inakatika, inakohoa kwa madaha: Bibie, nimechoka kunyamaza! Jogoo mtupu. Shemeji akajaribu tena, akaandika jina analomwitia wakiwa wawili, sitalisema hapa, na jogoo akalisema kwa mbwembwe kama anatangaza mnada. Dada akainuka, akaenda jikoni, tukasikia bomba limefunguliwa na halifungwi.

Aliporudi aliniambia hataki programu. Anataka kitu kimoja tu. Kitu chochote cha mumewe akiongea kama yeye. Video ya harusi yao mpiga picha aliifunika kwa miziki mwanzo mwisho. Simu yake ya zamani ilianguka kwenye beseni la nguo ikafa na kila kilichokuwemo, na ujumbe wa sauti Shemeji hakuwahi kutuma, alikuwa anatania kwamba sauti yake ni mali, haigawiwi bure. "Wewe ulikuwa unamrekodi kila wiki," akaniambia. "Alikuwa ananiita mle ndani, nilikuwa namsikia. Alikuwa anacheka. Viko wapi?"

Ningemwambia nini? Kwamba nilivifuta ili ipatikane nafasi ya jogoo?

Nilitafuta siku nne. Nilifungua kila pipa la taka la kompyuta, kila diski. Msafi, msafi, msafi, kote Meneja peke yake. Siku ya nne, kwenye kona ambayo programu hujihifadhia nakala umeme ukikatika ghafla, nikakuta faili moja lisilo na jina, namba tupu. Tarehe yake ilikuwa miezi tisa kabla ya hospitali, Jumatatu ambayo Dada alichelewa kurudi kutoka shuleni. Hesabu mwenyewe. Nikavaa visikilizio.

Ilikuwa ni yeye. Jamani, ni yeye, na manyoya yake yote. Sekunde kumi na sita. Anasema: "Ngoja kwanza, shemeji. Hebu nisikilize vizuri. Hili koo unalionaje? Mimi naliona kama si langu tena." Kisha mtu mwingine anajibu kutoka nje ya kabati, mtu ana haraka: "Wewe sema tu. Nikishalisafisha, hata wewe mwenyewe hutajua." Na Shemeji anacheka, kile kicheko chake kifupi cha puani, na anasema, "Haya, fundi wangu. Wewe ndiye unayesikia." Hapo umeme unakatika.

Nilikaa mbele ya kompyuta mpaka skrini ikazimika yenyewe. Sikukumbuka kabisa kuulizwa. Nikaiwasha, nikaisikiliza tena, nikaitazama ile migongo miwili ya sauti, wake na wangu. Kisha nikafanya kazi yangu. Nilichagua jibu langu nikalikata. Nikakata na yale maneno yake ya mwisho. Nikaacha swali, nikaacha kicheko, nikaunganisha. Ilinichukua muda wa kumeza mate mara mbili. Mshono hausikiki, mimi ni fundi.

Jumamosi asubuhi nikawapelekea. Dada alishika simu kwa mikono miwili, akaiweka sikioni, kisha akaiweka mezani ili sote tusikie. Alirudia mara sita. Kwenye kicheko alifumba macho, machozi yakamtoka bila kelele, na akakishika kiganja cha mumewe. Kwa dakika ile nyumba ilikuwa na mtu ndani. Nikasema moyoni, basi, umefanya vyema, hili limeisha hapa.

Mara ya saba aliizima katikati. Akanigeukia, kwa upole, hakuwa na shaka hata kidogo. "Alikuuliza kuhusu koo lake," akasema. "Wewe ulimjibu nini? Mbona akacheka?"

Maneno yalikuwepo. Yalikuwa machache tu. Nilifungua mdomo, na nikasikia friji ikinguruma, bomba la jikoni linadondoka tone moja moja, magari huko chini, kelele zote ambazo miaka saba nilizikataza.

Shemeji alikuwa ananitazama. Yeye alikumbuka, niliona kwamba alikumbuka siku zote. Akachukua ubao wake, akaandika kwa muda mrefu, chaki inakwaruza, akaugeuza upande wa mkewe. Ulisema: *Aliniambia niende hospitali. Nikamcheka.*

Dada akausoma. Akausoma tena. Akauachia mkono wa mumewe.

"Uliambiwa?" akasema. "Uliambiwa mapema yote hiyo, ukacheka? Halafu ukaja ukaniwekea kile kijogoo chako sikioni ukaniambia uko mzima?"

Shemeji akaitikia kwa kichwa. Hakunitazama tena. Dada akainuka akaingia chumbani akafunga mlango, na sisi wawili tukabaki mezani, yeye akiufuta ubao kwa kiganja mpaka ukawa safi.

Hiyo ni wiki ya tano sasa. Dada hamsemeshi mumewe, na mumewe hawezi kumsemesha. Daktari ameona kivimbe kingine chini ya sikio, wanangoja majibu. Mimi naenda pale kila jioni baada ya duka. Kila jioni naapa ngazini kwamba leo nasema, na kila jioni Dada ananikaribisha, ananiambia heri wewe ulimwambia, ananipakulia chakula, nami nakula.